Mwenye Jumamosi Zote

Bahati ya Jumamosi ilianzia kwenye kiti cha plastiki, ndani ya ofisi ya ukumbi mkubwa kuliko kumbi zote za harusi mjini. Wakati huo hakuwa bado amepewa jina hilo. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye mdomo mtamu na viatu vinavyong'aa, na alikuwa amekwenda kuulizia tarehe ya harusi yake mwenyewe. Ndiyo, hata matapeli huoa, au angalau huchumbia.

Mwenye ukumbi alikuwa bwana aliyejaliwa kitambi, na kila akikosea hesabu kosa lilimwangukia mteja.

"Bei ya ukumbi ndiyo hii," alisema. "Viti ni malipo ya pembeni."

"Kwa hiyo wageni wakae chini?"

"Chini pia kuna malipo. Mazulia yanachakaa."

"Na kile kioo cha chumba cha bibi harusi?"

"Kipo. Kujitazama ni malipo ya pembeni."

Alipogeukia kompyuta kutafuta tarehe, kilitokea kijisanduku cha kijivu kilichotaka jina na neno la siri. Jumamosi alikitambua, na moyo ukamruka kwa furaha. Kabla hajafukuzwa kazi katika ofisi tatu alikuwa fundi wa mitandao, tena mzuri. Alitazama juu ya ukurasa: hakukuwa na alama ya kufuli. Akatazama ukutani: kulikuwa na tangazo la waifai ya bure kwa wageni, kitu pekee cha bure katika jengo lile, na kompyuta ya bosi nayo ilikuwa imejiunga humo humo.

Kwa asiyejua, mambo yako hivi. Kompyuta inapoomba ukurasa mtandaoni, hutanguliza maneno machache: mimi ni nani, nasoma lugha gani, nataka nini. Utangulizi huo mafundi huuita kichwa cha ombi. Sasa ziko tovuti za kizamani zinazotaka jina na neno la siri viwekwe humo humo kichwani, na si mara moja tu bali katika kila ombi, kila ukurasa, kila kijipicha. Mtu anayeshinda kwenye tovuti kama hiyo hushinda akilitaja neno lake la siri kutwa nzima. Herufi huvurugwa kidogo ili zisisomeke kwa jicho, lakini kuzivuruga si kuzifunga. Mwenye kompyuta yoyote huzirudisha zilivyokuwa kabla hajamaliza kupiga chafya.

Jumamosi alifungua laptopu yake kwa kisingizio cha kumwonyesha bosi picha ya mchumba. Bosi akasifu mchumba, akabonyeza hapa na pale akitafuta tarehe, na kila alipobonyeza, neno lake la siri lilipita hewani likatua kwenye laptopu ya mgeni. Jina lilikuwa "msimamizi". Neno lilikuwa "vitipembeni".

"Una kikohozi?" bosi aliuliza.

"Vumbi tu, mzee," alisema Jumamosi, akifuta machozi ya kicheko.

Jioni ile alimkuta mchumba wake kwenye cherehani. Alikuwa fundi wa magauni ya harusi, mwanamke mpole wa maneno machache ambaye mdomoni hakukosi pini. Jumamosi hakuweza kujizuia. Alivuta kigoda, akafungua kompyuta ya fundi, akamwonyesha mstari wa herufi zilizovurugwa kisha akazinyoosha mbele ya macho yake. "Unaona? Anajiona kafunga mlango, kumbe kaurudishia tu!"

Fundi alitoa pini mdomoni. "Umemwambia afunge?"

"Nitamwambia."

"Na tarehe yetu?"

"Nimekuwekea Jumamosi nzuri kuliko zote."

Kuhusu tarehe hakusema uongo. Kuhusu kumwambia bosi, tumwachie mwenyewe na nafsi yake. Usiku huo huo aliingia kwenye tovuti ya ukumbi kwa jina la msimamizi, akazijaza Jumamosi zote za msimu kwa maharusi wasiokuwepo. Aliwaozesha watu ambao hawajazaliwa. Bosi alipokuta ukumbi umejaa hadi mwakani hakujiuliza lolote, alipandisha bei ya viti.

Familia zikaanza kuhaha. Na kila familia iliyotoka ukumbini imenyong'onyea ilimkuta nje kijana nadhifu mwenye huzuni usoni.

"Mmekosa tarehe? Poleni. Mimi nina Jumamosi moja, ya binamu yangu. Maskini, ameachwa na mchumba wake juzi tu. Kadi zimeshachapishwa. Ningeweza kuwapisha, lakini ... mnajua, kijana alishatumia sana."

Familia zilitoa kifuta machozi cha binamu, kisha zikaenda kulipa ukumbi bei yake kama kawaida. Jumamosi alifuta jina la kubuni, zikaandika lao, kila mtu akaenda nyumbani anashukuru. Binamu yule aliachwa Jumamosi hadi Jumamosi. Aliachwa na warembo, wasomi na mabinti wa wakubwa. Sidhani kama katika historia ya mapenzi kuna mwanamume aliyepigwa teke mara nyingi vile bila kuwepo duniani.

Mmoja tu alimshinda: mwalimu mmoja mama wa makamo, aliyemtafutia tarehe bintiye. Aliposikia kiasi cha kifuta machozi, alitikisa kichwa. "Hicho sina, mwanangu. Binti atangoja." Akapiga hatua mbili, kisha akarudi. "Lakini huyo binamu yako, anakula kweli?"

"Nani?"

"Aliyeachwa."

"Aah! Anajilazimisha, mwalimu."

"Msimwache peke yake. Kuachwa kunaua." Tangu siku hiyo, kila alipokutana naye sokoni au benki, mwalimu alimuuliza hali ya binamu, na Jumamosi alilazimika kubuni maendeleo.

Biashara ikanoga, jina la Jumamosi likamganda. Tatizo lilikuwa moja, na lilikaa kwenye cherehani. Ile Jumamosi nzuri kuliko zote ilitamaniwa na mkandarasi mmoja aliyekuwa hajui kuomba bei ipunguzwe. Jumamosi aliiuza, akamwambia fundi kwamba paa la ukumbi linavuja. Akaweka nyingine, nayo ikapata mteja, safari hii wakaguzi ndio waliosingiziwa. Tarehe ilipohamia kwenye baridi fundi alirefusha mikono ya gauni lake, iliporudi kwenye joto akaifupisha. Alifumua na kushona bila neno. Kimya hicho kilimtisha Jumamosi kuliko kelele, kwa sababu alimpenda yule mwanamke. Hilo tusimnyime. Aliyapenda hata yale makovu madogo ya sindano kwenye vidole vyake.

Siku moja fundi alikata uzi kwa meno, akasema, "Safari hii tarehe ikisogea, na mimi nasogea."

"Haisogei! Nife!"

"Usife. Shika tarehe tu."

Akaapa, na alipokuwa akiapa alimaanisha.

Lakini tamaa haijui likizo. Jumamosi alikuwa ametengeneza kijiprogramu cha kubisha hodi kwenye tovuti ya ukumbi kila baada ya dakika chache, ili mtu akighairi tarehe ainyakue kabla ya wengine. Akakumbuka kuwa fundi naye ana ukurasa wake mtandaoni, wenye picha za magauni na foleni ya wateja, kila mmoja na tarehe ya harusi yake. Asiye na tarehe ni asiye na ukumbi, na asiye na ukumbi ni mteja. Kwa nini kijiprogramu kisipitie huko pia?

Angeweza kuandika maagizo mapya. Badala yake alinakili yale yale ya ukumbini akabadilisha anwani tu, huku anapiga mluzi. Ndani ya maagizo hayo, kichwani, lilibaki jina la msimamizi na neno lake la siri. Basi kuanzia siku hiyo kijiprogramu kilikwenda mlangoni kwa fundi mchana kutwa, na kila kilipofika, bila kuulizwa, kilitaja siri ya mlango wa mtu mwingine. Yule aliyemcheka bosi kwa kuropoka alikuwa sasa anaropoka mara nyingi kuliko bosi, tena kwa mchumba wake.

Zikabaki wiki chache. Suti ilikwisha kushonwa. Ndipo asubuhi moja mlango wa chumba alichokipangisha kama ofisi ulipogongwa, akaingia mama mmoja wa heshima mwenye miwani ya jua na mkoba mkubwa.

"Wewe ndiye Jumamosi?"

"Ndimi, mama. Karibu kiti." Kisha akajisikia mkarimu. "Na hakilipiwi."

Mama akakaa, akataja tarehe. Ilikuwa ile ile, ya kwake na fundi.

"Hiyo imechukuliwa, mama."

"Na nani?"

"Na ... watu fulani wanaopendana sana."

Mama alifungua mkoba. Jumamosi aliona kilichomo. Kilitosha kumaliza shida za huyo binamu na ukoo wake wote. Alitazama dirishani. Alifikiria ile mikono ya gauni. Alifikiria kwa muda ambao kwake ulikuwa mrefu sana, karibu sawa na kuvua koti na kulivaa tena. Si kitu, aliwaza, nitamwambia ukumbi umeungua kidogo, upande mmoja.

"Ukweli ni kwamba, mama," alianza, na huzuni ikamjia usoni yenyewe kwa mazoea, "tarehe hiyo ni ya binamu yangu. Ameachwa na mchumba wake."

"Masikini! Lini?"

"Juzi tu."

"Na huyo msichana, kwa nini akamwacha?"

"Ah, mwanamke wa ovyo, mama. Hana shukrani. Kapewa kila kitu, lakini wapi!"

Mama akaufunga mkoba taratibu. Akavua miwani. Macho yake yalikuwa ya fundi, ila yalikuwa na miaka mingi zaidi na subira kidogo zaidi.

"Mimi ni shangazi yake," alisema. "Nimekuja kwa ajili ya harusi. Na umekosea siku. Hajaachwa juzi. Ameachwa sasa hivi."

Jumamosi alifungua mdomo, ule mdomo uliouza Jumamosi za msimu mzima, lakini shangazi akainua kiganja.

"Ukurasa wake ulikuwa mzito," shangazi aliendelea, "akafungua kwa nyuma aone wageni wake ni nani. Akakuta mgeni mmoja hachoki kuja, na kila akija amebeba mstari wa herufi zilizovurugwa. Anasema kuna mtu aliwahi kukaa kwenye kigoda chake akamfundisha kuzinyoosha. Akaingia ukumbini kwa neno hilo hilo, akaona mmejaa maharusi hewa mwanzo hadi mwisho. Amewafuta. Jana asubuhi aliwapigia wateja wake wote wasio na tarehe, wakaenda kujiandikisha wenyewe dirishani, bila kifuta machozi. Kisha akamwambia mwenye ukumbi abadilishe neno lake la siri."

"Alinitaja?"

"Hapana. Anasema hiyo ndiyo zawadi yake ya harusi." Shangazi akasimama. "Jumamosi yenu aliiacha hadi leo. Mimi nilimwambia asijisumbue kukupima. Yeye akasema, 'Shangazi, huenda akakataa.' Alitaka sana ukatae, mwanangu."

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Shangazi alipotoka, Jumamosi aliirukia laptopu. Kijisanduku cha kijivu kikatokea. Akaandika "vitipembeni". Kikatokea tena, kitupu. Akaandika tena, polepole, akibembeleza kila herufi. Kikatokea tena. Chini ya skrini kijiprogramu chake kilikuwa kimetoka mlangoni kwa fundi, na safari hii kilirudi na jibu. Fundi alikuwa ameuagiza ukurasa wake kwamba mgeni yeyote atakayekuja amebeba siri ile aonyeshwe mstari mmoja: "Pole kwa kuachwa, binamu."

Jumamosi yenyewe ilipofika, miguu ilimpeleka ukumbini bila kumshauri. Alisimama ng'ambo ya barabara ndani ya suti yake. Gari likasimama, bibi harusi akashuka, na Jumamosi akalijua gauni kabla ya kumwona aliyelivaa. Mikono ile angeitambua popote, imerefushwa na kufupishwa na kurefushwa. Nyuma ya bibi harusi alishuka mwalimu, akimshikia bintiye pindo. Fundi hakuwepo. Alishona, akalitoa lile gauni lake, akaenda zake kazini.

Mwalimu alimwona akavuka barabara moja kwa moja. "Wewe! Nimekutafuta nikwambie, tumepata tarehe. Vipi binamu yako?"

Jumamosi alikuwa na majibu mengi akibani. Hakulitumia hata moja.

"Hali yake mbaya, mwalimu," alisema, na macho yakamjaa, na kwa mara ya kwanza hakuyaita yeye. "Ameachwa kweli."

Mwalimu alimtazama, akatazama suti, akatazama ua dogo kwenye kola. Kama alielewa, hakuonyesha.

"Basi asikae peke yake leo," alisema akimshika mkono. "Njoo uingie ule."

Akaingizwa ndani, akapitishwa katikati ya watu wanaocheka, akatafutiwa nafasi mezani. Hajakaa sawasawa, kitambi kikamsimamia pembeni na kijikaratasi mkononi.

"Wewe hukuwemo kwenye hesabu ya wageni," alisema mwenye ukumbi. "Kiti hicho ni malipo ya pembeni."

Jumamosi akaingiza mkono mfukoni, akalipa bila kuomba punguzo.