Mishale ya Kathuri

Hebu niambie, umeshawahi kusikia mtu akipotea ndani ya nyumba aliyoichorea ramani mwenyewe?

Jumba la maduka la Kianjokoma lilijengwa miaka ya sabini, kahawa ilipolipa vizuri, na fundi wake alilipwa kwa kila ukuta. Basi akajenga kuta! Vichochoro vikajipinda kama matumbo ya mbuzi, na mtu akitafuta chumvi anatokea kwa muuza majeneza.

Kathuri wa Githongo, mwenye koti la kijivu na kalamu tatu mfukoni, zote hazina wino, alisimama mlangoni akatabasamu. Hapa pana chakula.

"Wazee, akina mama! Nairobi siku hizi hata ndani ya nyumba kuna ramani. Nitachora mishale sakafuni. Mteja akiingia, miguu yake yenyewe italijua duka lako."

"Wangu uwe mnene," akasema Njagi wa bucha, akatoa mguu wa mbuzi. Idrisi wa nguo akatoa blanketi. Caroline wa asali akatoa galoni nzima.

Regina, mshonaji wa kona ya mwisho kabisa, alikuwa na uzi tu. "Mwanangu, wateja wasiponipata mwezi huu, nafunga narudi Kiambere."

"Mama, mshale hauli uzi." Akampita.

"Na hilo neno TOKA ukutani?" Njagi akauliza. "Unanifukuzia wateja?" Kathuri akalifuta, kwa heshima ya mguu wa pili. Mlango nao haukuwa na cha kutoa, basi haukupata mshale.

Akachora kwa brashi mpaka usiku, akalala humo humo, atoroke asubuhi mapema mlango ukifunguliwa. Maduka yalipoanza kufunguliwa, akabeba gunia lake, akafuata mishale. Ikampeleka kwa Njagi.

"Mteja wa kwanza! Leo wewe ndiwe unayenifungulia duka!"

Na mteja wa kwanza akiondoka mikono mitupu, si siku nzima imeharibika? Njagi alisimama njiani na kisu, cha kazi tu. Kathuri akabadilisha blanketi kwa matumbo. Mshale mwingine, kwa Idrisi: asali ikaenda kwa kofia. Mwingine, kwa Caroline: mguu wa mbuzi kwa nta. Mwingine, kwa majeneza: mguu wa pili kwa kifuniko, bila jeneza. Angeuliza njia? Mwenye ramani! Wangemkamua kama nguo mbichi.

Akazunguka mpaka pasipo na mshale, akatokea kwa Regina, kifuniko kichwani.

"Umepotea, mwanangu?"

"Mimi? Nakagua tu."

"Haya." Akaendelea kushona. Nyuma yake pazia lilikuwa likipepea kwa upepo wa nje, na jogoo akawika karibu kabisa.

"Kathuri!" Sauti ya Njagi ilikuja kichochoroni. "Mbona wateja wangu wanatokea kwa majeneza?" Na miguu mingi nyuma yake.

Regina akakata uzi kwa meno. "Brashi bado unayo? Nichoree wangu kwanza, mpaka pale njia zinapokutana."

Kathuri akachora mbio mbio, mshale mnene kuliko yote, akarudi akihema.

"Sasa sema unachotaka."

"Nakagua..."

"Kathuri!" Njagi yuko hapo tu.

"Mama, haki ya Mungu, mlango uko wapi?"