Kocha Mama Mwelu na Muthokoi wa Wageni

Jumatatu, 23 Februari

Mimi ni kocha! Kocha wa mpira! Kocha mzima, na filimbi shingoni! Naandika nikiwa nimeivaa. Nimeipuliza mara moja tu jikoni na kuku wa jirani bado hawajarudi.

Ilivyokuwa ni hivi. Kocha wa kwanza wa Kilima Juniors amepata kazi kiwandani Athi River, akaenda bila hata kuaga. Leo wazazi tukaitwa mkutano. Mwenyekiti, Mwalimu Ndambuki, akauliza ni nani atajitolea kufundisha watoto bure. Kusikia bure, kila mtu akaangalia viatu vyake. Mimi nikainua mkono. Ukweli, nilitaka kuuliza kama mkutano umeisha, maana nilikuwa nimeacha maharagwe kwa jiko. Lakini watu wakapiga makofi. Sasa mimi ni nani nikatae makofi?

Mama Loise akainua mkono wake makofi yakiwa yameisha. Amekasirika huyo! Ati yeye ndiye ametazama mafunzo kwa simu. Ati mimi hata goli sijui ni la nini. Ndambuki, mtu wa kupenda amani, akaamua: nitajaribiwa mpaka mechi ya Jumamosi tarehe saba, hapa kwetu, dhidi ya Soko la Mbuzi. Hao ndio walitufunga tisa bila. Tukiaibika tena, filimbi inaenda kwa Mama Loise.

Haiendi! Nimeshapigia mama yangu Masii, dada zangu wote, na mwanamke tuliyesoma naye darasa la nane ambaye hatujaongea tangu aolewe. Wote wanajua Mwelu wangu atavaa namba kumi na mamake ndiye kocha. Nikinyang'anywa nitawaambia nini?

Maharagwe yameungua. Tumekula hivyo hivyo. Chakula cha kocha.

Alhamisi, 26 Februari

Mazoezi ya kwanza. Mazuri sana!

Nimewapanga kama kwaya: wafupi mbele, warefu nyuma. Miaka yote nimeongoza sauti ya pili kanisani na hakuna mtu amewahi kuniambia sisikiki. Nikasema kushoto, wakaenda kushoto. Nikasema kulia, wakaenda kulia. Halafu nikawapa mpira na wote wakaufuata pamoja kama kuku wamemwagiwa mahindi, hata kipa, Mutinda, ambaye goli lake lilibaki na mbuzi wa mtu.

Mama Loise alikuja. Trakisuti mpya ya zipu, raba nyeupe pe, kiti chake cha plastiki kutoka nyumbani. Akaketi pembeni akisema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba mchezaji wetu alikuwa ameotea. Nikamjibu kuotea tutasoma wiki ijayo. Watoto wakacheka. Sijui kama walimcheka yeye au mimi. Yeye, bila shaka.

Mwelu alinifuata jioni jikoni. Miaka kumi na moja, na uso wa hakimu. Akaniomba nisimwite kito cha mama mbele ya timu. Nikamuuliza sasa nimwite nini. Akasema niite namba kumi kama makocha wengine. Nimekubali, lakini imeniuma. Nilimwita kito hata kabla hajazaliwa.

Jumamosi, 28 Februari

Nimeenda kupeleleza adui.

Nilijifunga leso kichwani mpaka karibu na macho na kubeba chupa ya chai, nionekane kama mtu anapita tu. Soko la Mbuzi wanafanya mazoezi jioni kwa kiwanja nyuma ya soko lenyewe. Ngai! Watoto wembamba, wepesi, wanakimbia kama wamezaliwa wakifukuza beberu. Kuna kadogo kanaitwa Dayib, kanapita katikati ya miguu ya wenzake.

Kocha wao ni Yahye, muuza mbuzi. Alinitambua mara moja. Ati Mama Mwelu, karibu, mbona umejifunika na jua hili? Mtu wa adabu sana. Nikamkaribisha chai nimtoe siri. Akaweka mkono kifuani, akasema asante sana mama, wakati mwingine. Nikawapa watoto. Hakuna hata mmoja aliyegusa kikombe! Wengine waliangalia kando kabisa. Wamefundishwa wasikunywe cha adui. Hiyo ni nidhamu ya jeshi.

Nikarudi nimekufa moyo. Nilitaka nipitie hoteli ya Sainab, mke wa Yahye, ninunue sambusa za kujifariji. Imefungwa mchana kweupe! Biashara imekuwa ngumu kwa kila mtu.

Ni nikiwa kwa mlango wa Sainab ndipo Mungu alinipa akili. Nilimkumbuka shemeji yangu kwa harusi ya mwaka jana. Alikula muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, sahani tatu, na maharagwe na parachichi juu, na keki ilipoitwa alishindwa kusimama. Wanaume wawili walimwinua. Mtu aliyeshiba muthokoi hakimbii hata nyumba ikishika moto!

Na wageni wanakuja kwangu. Mgeni hulishwa. Hapa kwetu Ukambani nani atanilaumu kwa kulisha mgeni?

Jumanne, 3 Machi

Nimemwambia mpango baba yake Mwelu kwa simu. Musau wangu yuko Athi River kwa simiti, huja mwisho wa mwezi. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema kwani Mama Mwelu, si ufundishe tu watoto kupiga mpira? Nikamwambia ndiyo maana wewe si kocha. Akasema hata wewe ulikuwa unauliza kama mkutano umeisha. Nikakata simu. Sijui ni nani alimwambia. Ah! Ni mimi.

Baadaye nikaenda sokoni kumwalika Yahye rasmi. Nikasema Jumamosi mje saa tisa, mle kwanza, ndio mechi ianze saa kumi. Akaanza kusema mama, sisi saa hiyo... Nikamkata. Hakuna cha sisi saa hiyo! Mgeni ni mgeni! Akajaribu tena, nikakata tena. Mwishowe akacheka tu, akasema Mungu akulipe mama, weka, tutaona baada ya mechi. Nikasema kabla! Akaitwa na mnunuzi wa kondoo.

Ameingia kwa mtego.

Ijumaa, 6 Machi

Napika tangu asubuhi. Sufuria ya kukodi, ile ya matanga. Muthokoi, maharagwe, viazi, kitunguu kingi. Jirani wote wamepita kuuliza nani amekufa. Nikawaambia bado, ngojeni kesho.

Nimeita timu yangu na kuwaambia kwa ukali: hiki ni chakula cha wageni. Asiguse mtu! Kijiko kisiingie! Mutinda akauliza kama kidole ni kijiko. Nikampulizia filimbi sikioni.

Mama Loise naye akapita kunusa. Ati wachezaji wa kweli hula ndizi. Nikamwambia wewe tunza viatu vyako.

Najisikia vizuri kabisa. Nimepiga simu Masii. Mama anasema amewaambia watu wa jumuiya.

Jumamosi, 7 Machi, jioni

Aiya. Aiya mimi.

Saa tisa walifika, wamepangana vizuri, wakanisalimia mmoja mmoja, shikamoo mama, shikamoo kocha. Nikawaketisha kivulini. Nikafunua sufuria. Harufu ikatoka hiyo! Nikapakua sahani ya kwanza, mlima, nikampa Dayib.

Dayib akaangalia sahani. Akamwangalia Yahye. Akameza mate.

Yahye akaja karibu, mkono kifuani, akaongea polepole ili nisimkate. Akasema mama, ni Ramadhani. Watoto wamefunga. Hata Dayib, ambaye aliambiwa bado ni mdogo, amekataa kuachwa nyuma na wenzake. Ndiyo nilikuwa nakuambia siku ile.

Nikabaki na mwiko hewani. Ramadhani! Kumbe ndiyo maana chai! Kumbe ndiyo maana hoteli! Na redio yangu imekuwa ikisema habari ya mwezi wiki mbili, mimi nikifikiri ni hali ya hewa!

Sasa sikiliza ubaya. Nilipokuwa nimesimama hivyo, Mutinda akauliza kwa huruma nyingi kama chakula kitamwagwa. Na Mama Loise, ambaye hakuna aliyemwita, akasema kwa sauti: hebu waacheni watoto wetu wakule, wapate nguvu! Mama Mwelu amepika tangu jana na hajui hata kugawa! Akashika mwiko. Akaanza kupakua yeye mwenyewe. Sahani juu ya sahani!

Ningesema nini? Niwaambie wazazi wote, na Yahye akiwa hapo, na Mwalimu Ndambuki, kwamba usikule, hiyo ni ya kushinda watu? Nikasema tu, kidogo kidogo. Hakuna aliyenisikia. Mara ya kwanza maishani mwangu.

Sitaki kuandika mechi. Naandika.

Mabeki wetu walitembea. Kuna mmoja aliketi. Bao la pili lilipita Mutinda akiwa ameegemea mlingoti, akaliangalia likipita kama mtu anayeaga mgeni. Na wale wa Soko la Mbuzi, tangu alfajiri hawajaweka kitu mdomoni, walikuwa wanaruka! Sita! Mashabiki wao walikuwa wananionea huruma, wakaacha kushangilia.

Halafu. Halafu kito changu. Namba kumi wangu. Akachukua mpira karibu na goli letu, akapita mmoja, akapita wawili, wetu wenyewe walikuwa wamelala njiani akawaruka, akapiga kwa ule mguu wa kushoto na kipa wao hakuuona. Bao! Nikaingia uwanjani na mwiko nikilia KITO CHA MAMA! mpaka refa akanifukuza. Namba kumi akafunika uso na jezi.

Mechi ilipoisha sita kwa moja, Ndambuki alikuja kwangu ameshika kofia yake kama mtu ameleta habari ya hospitali. Akaomba filimbi. Nikaivua. Nilifikiria Masii. Nilifikiria Mwelu akiniangalia nikiivua.

Akamgeukia Mama Loise. Na wakati huo huo, beki aliyekuwa ameketi, ambaye Mama Loise alikuwa anampepea, akainama na kurudisha muthokoi wote. Wote! Juu ya raba nyeupe. Zote mbili.

Mama Loise akaangalia viatu. Akaangalia watoto wengine, vile walikuwa wameshika matumbo. Akasema ghafla amekumbuka Alhamisi ni siku ya chama chao. Ndambuki akauliza mzazi mwingine yeyote. Kila mtu akaangalia viatu vyake tena. Akanirudishia filimbi.

Nimechaguliwa bila kupingwa!

Jua lilipozama Sainab alileta tende na sambusa na uji, na wakatuita wote tukae mkekani. Wetu waliolalamika matumbo walikula sambusa, sijui waliziweka wapi. Yahye akauliza na ule muthokoi mama? Nikakwangua sufuria kwa aibu. Dayib akapata sahani yake hatimaye. Akala yote. Akaomba nyingine. Nilipomtazama tena alikuwa amelala chali kwenye nyasi, mdomo wazi. Wenzake wakamwita, wakamtekenya, wakampigia mpira karibu na kichwa. Hakusogea. Yahye alimbeba begani kama gunia.

Nilimtazama mpaka wakapotea. Nimemtazama vizuri sana.

Njiani nikamuuliza Mwelu ni vipi yeye peke yake aliweza kukimbia. Akasema hakula. Nikamuuliza kwa nini, na harufu ile yote. Akaniangalia kama hajanielewa. Akasema kocha alikataza.

Tulitembea mpaka tukafika kwa lango. Kisha akanishika mkono, giza likiwa limeingia na hakuna mtu wa timu wa kuona.

Jumapili, 8 Machi

Nimetangaza kanisani. Nilisimama wakati wa matangazo na kusema mwaka jana tulifungwa tisa bila, chini yangu ni sita kwa moja. Hayo ni maendeleo na bao ni la mtoto wangu. Watu wakapiga makofi. Mama Loise alikuwa amevaa sandali.

Musau amepiga simu. Akaniuliza kama sasa nimejifunza. Nikamwambia sana! Nimejifunza muthokoi unafanya kazi. Dawa ilikuwa nzuri, mgonjwa ndiye hakuwa tayari. Angeona Dayib! Akasema ngoja akae chini kwanza. Nafikiri ilikuwa heshima.

Baada ya ibada nilipitia kwa Yahye kuomba mechi ya marudiano, Idd ikishapita. Akakubali mara moja. Akasema watoto wake wamekuwa wakiulizia chakula changu. Wanakiulizia wenyewe! Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama kutakuwa na kufunga kwingine siku hizo. Akasema baada ya Idd kuna wengine hufunga siku sita za sunna, lakini si watoto.

Si watoto!

Nimeshalipia sufuria. Safari hii ni mbili. Yetu, ya kula baada ya mechi, nitaifunga kamba na Mwelu ataikalia. Mama anakuja na jumuiya nzima kutoka Masii, dada zangu wanakuja, yule wa la nane amesema atajaribu. Jumamosi, tarehe 28 Machi, chakula saa tisa, mpira saa kumi. Mje wote!