Unene wa Mbao za Gati la Ndau

Mheshimiwa mwakilishi wa Mheshimiwa ambaye shughuli zimemzuia, Bwana Kaimu Naibu Mratibu wa Magati Madogo, masharifu, maustadhi, mabibi wa Ndau mlioketi juani kwa subira tangu saa mbili, nanyi nyote kwa kadiri ya vyeo vyenu, assalaam aleikum. (Wachache waitikia.)

Mimi, nikiwa Mkurugenzi wa Uthabiti wa Miundombinu ya Visiwa, nimekuja kuzindua rasmi Gati la Kisasa la Ndau, mradi ambao kwa mujibu wa takwimu nilizoziandaa mwenyewe umekamilika kwa asilimia mia moja na nne, kabla ya wakati, tena bila kelele yoyote ya ujenzi. (Makofi kutoka hemani, walikoketi wageni wa heshima.)

Najua yapo maneno kuhusu Bi Fahima, yule pale mwenye plasta mkononi, ambaye mwezi uliopita alishikwa na uchungu, akapitishwa kwenye ubao wa muda ili apande boti ya kwenda hospitali mjini Amu, ubao ukakatika katikati, akaanguka, akavunjika mkono, na akajifungulia botini kabla hata ya kufika Kizingitini. Kamati yangu imechunguza kwa kina na kubaini kwamba ubao haukuwa na tatizo lolote, msongo ulioukata ulitoka kwa Bi Fahima mwenyewe, aliyekanyaga akiwa watu wawili bila kutoa taarifa. (Bi Fahima ainuka: "Ubao ule ulikuwa mwembamba kama kaki, Bwana." Aombwa aketi.)

Wembamba, ndugu zangu, ndiyo sera. Mpango wa awali ulitaka mbao za inchi mbili. Ofisi yangu, kwa kuzingatia ubunifu, ufanisi na mazingira, ikazishusha hadi inchi moja. (Muhdhar, fundi wa mashua, asema kutoka nyuma: "Bwana, ubao ukiupunguza unene nusu, hausalii na nusu ya nguvu. Husalia na robo. Mtu yule yule akisimama yuu yake, msongo huwa mara nne.") Nashukuru kwa mchango huo usio wa kitaalamu. Mimi nilihudhuria warsha ya siku tatu kuhusu msongo, kule Mombasa, na neno robo sikulisikia likitajwa isipokuwa wakati wa kuagiza kuku. (Kicheko hemani.)

Hata hivyo mimi ni kiongozi msikivu, kwa hiyo tulifanya mapitio, inchi moja ikawa nusu, nusu ikawa robo, na tukaendelea hivyo kikao baada ya kikao, hadi leo ninapotangaza kwa fahari kwamba katika ufuko huu hakuna ubao utakaokatika tena. (Muhdhar: "Na wake zetu wapite ndia gani?") Masuala ya njia yako chini ya idara nyingine.

Semeni nami: Ndau imara! (Kimya.) Wembamba ni maendeleo! (Makofi hemani.)

Mwisho, shukrani za pekee zimwendee Bwana Athman, mumewe Bi Fahima, aliyenibeba mgongoni kutoka kwenye boti, maji yakimfika kiunoni, na ninamwomba asiende mbali, kwani maji yanazidi kujaa na gati la kunirudisha, kama mnavyoona, halijapata kujengwa. (Athman amshika mkewe mkono mzima, waelekea nyumbani.)