Uso wa Shemeji Nyuma ya Goli

Jumatatu, 10 Novemba

"Shabiki hajawahi kufunga hata pointi moja." Hayo ni maneno ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuja kukaa nasi kwa wiki mbili na sasa ana rafu yake bafuni. Ameyasema mezani, mdomo umejaa chakula changu. Akaongeza kwamba anayekwenda uwanjani kutazama mpira wa kikapu anajitesa bure, kwa kuwa mchezo unaonekana vizuri zaidi kwenye televisheni.

Upuuzi! Kama shabiki hana kazi, kwa nini kila timu inapenda kucheza nyumbani? Kwa nini wachezaji hutuinulia mikono kutuomba kelele? Wanaona baridi? Kwa nini hata refa hutupia jicho jukwaani kabla ya kupuliza? Nilimwuliza yote hayo. Akajibu kwa kuomba chumvi.

Jumamosi hii timu yangu, Vifaru, inacheza na Ngurumo. Mechi ya mwisho ya msimu. Tukishinda tunabaki ligi kuu. Tukishindwa tunashuka daraja, tunakwenda kucheza kwenye viwanja vya shule, watazamaji wakikalia matairi. Nimeipenda timu hii tangu nikiwa na nywele kichwa kizima. Nikatangaza palepale: nitakwenda mwenyewe, na nitabadilisha matokeo.

Shemeji akauliza mara ya mwisho nilikwenda uwanjani lini. Swali la kihuni. Mimi ni mtu wa redio. Nimewafuata Vifaru redioni maisha yangu yote, sikio kwenye spika, na naujua mchezo huu kuliko wanaoukodolea macho. Mke wangu akasema sijawahi kwenda hata siku moja. Hakuna aliyemwita shahidi.

Tukawekeana dau. Kiti changu cha dirishani, kile chenye mikono, ambacho Shemeji hukikalia kila nikienda chooni. Shabiki akibadilisha matokeo, hatakigusa tena. Asipobadilisha, ni chake. Tukapeana mikono. Wake ulikuwa na mafuta.

Jumanne, 11 Novemba

Nimepata mbinu! Nimeipata kazini, katikati ya kusahihisha kalenda ya mwaka ujao. Kalenda imepita mikononi mwangu ikiwa na Alhamisi mbili kwenye wiki moja. Namlaumu Shemeji.

Mbinu ni hii. Mchezaji akifanyiwa madhambi, hupewa mtupo huru. Anasimama mstarini peke yake, mpira mkononi, hakuna wa kumzuia. Hakuna? Nani kasema! Nyuma ya goli kuna viti, na kwenye viti kuna watu. Nimemsikia mtangazaji mara nyingi akisema mashabiki wa nyuma ya goli wamemvuruga mtupaji kwa kupunga vitu. Sasa wanapunga nini? Vitambaa. Kofia. Mambo ya kitoto. Mtu aliyezoea kutupa mpira mbele ya umati haogopi kofia. Anahitaji kuonyeshwa kitu cha kutisha.

Nimekwenda dirisha la tiketi. Nikaomba kiti cha nyuma ya goli ambalo Ngurumo wataanza kulishambulia. Muuza tiketi akaniuliza kama nina uhakika, akaanza kunieleza jambo fulani kuhusu baada ya mapumziko. Nikamkatiza. Nikamwambia mimi si mgeni wa mchezo huu. Akanitazama, akanikatia tiketi.

Watu wa madirishani wana tabia ya kufundisha!

Jumatano, 12 Novemba

Kwa fundi wa mabango. Nimempa shuka moja kubwa jeupe na picha ya Shemeji aliyopigwa harusini akiwa anakaribia kupiga chafya. Macho yamefumbwa nusu. Pua imepanuka kama mlango wa gereji. Mdomo unaelekea upande mmoja na kidevu upande wa pili. Kwa muda mrefu nimejiuliza picha ile Mungu ameihifadhi kwa kazi gani.

Fundi aliitazama, akauliza huyu bwana alikufa na nini. Nikamwambia yu hai, tena anakula. Akasema kweli dunia ina mambo. Akataka kujua kama atengeneze pua kidogo, maana yeye anachora mabango ya saluni na jina lake linaharibika. Nikamkataza kabisa. Nataka chafya iwe njiani. Anayeitazama akwepe!

Alhamisi, 13 Novemba

Mke wangu anatafuta shuka la wageni. Ameuliza kila mtu. Shemeji, badala ya kunyamaza kama mgeni, akaanzisha uchunguzi. Alinitazama na kusema kwamba shuka haliwezi kutoka nje kwa miguu yake. Nikasema nyumba ambayo mgeni haondoki haina haja ya shuka la wageni. Mke wangu akasema nimemtukana kaka yake. Chakula cha jioni kikaliwa kwa ishara.

Bango limekamilika. Fundi aliishiwa rangi ya ngozi, akamalizia pua kwa nyekundu. Kazi ya kipaji. Hata mimi ninayemjua nilirudi nyuma.

Jumamosi, 15 Novemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Mlangoni. Tangazo limebandikwa: hakuna bango kuzidi ukubwa wa taulo. Udikteta! Lakini nilikuwa nimejizungushia shuka tumboni, ndani ya jezi. Mlinzi akanipapasa, akakuta kitu laini kinachozunguka hadi mgongoni. Akauliza ni nini. Nikasema ni ndoa. Akacheka, akasema hata yeye inamnenepesha, pita mzee.

Ndani. Lazima niseme ukweli: redio haijawahi kunieleza. Sakafu inang'aa mpaka unaona taa mara mbili. Viatu vinapiga kelele kama vinachinjwa. Mpira ukidunda unausikia kwenye meno. Na nahodha wetu, tunayemwita Mlingoti, ni mrefu kiasi kwamba akiinama kufunga kamba za viatu, unakuwa na muda wa kuwaza mambo yako. Nililia kidogo. Jirani yangu wa kiti, mama mmoja mtu mzima mwenye filimbi shingoni, akanipa kitambaa, akasema ni mara ya kwanza, baba? Nikamwambia ni mafua.

Nusu ya kwanza. Ngurumo wakashambulia goli letu kama nilivyopanga. Mchezaji wao wa kwanza kwenda mstarini, jitu lenye mabega kama kabati. Ukumbi wote ukalipuka kwa kelele. Nikapandisha jezi, nikakunjua shuka, nikaliinua kwa mikono miwili juu ya kichwa. Nyuma yake sioni kitu, lakini nasikia. Nikasikia mpira ukigonga ringi: nggg! Nje! Mtupo wa pili: nggg! Nje! Mama wa filimbi akanikumbatia na shuka langu. Akasema huyu ndiye shabiki sasa. Safu nzima ikanipigia makofi. Mtu wa nyuma akauliza yule mchoroni ni shetani gani, nikamwambia ni shemeji yangu, akasema pole sana ndugu yangu.

Shemeji, uko wapi? Sema tena kuhusu hiyo pointi moja!

Mapumziko. Hapo ndipo dhuluma ilipoingia. Mlinzi yuleyule akaliona shuka, akanipeleka ofisini kwao chini ya jukwaa. Nikamweleza haki za raia. Akasema ana muda. Nikamweleza historia ya kelele katika maendeleo ya binadamu. Akavua kofia akakaa. Nilijadili mpaka nikakauka koo, na juu yetu jukwaa likawa linanguruma na mimi siko! Mwishowe nikamwambia ukweli: shuka ni la wageni, na mke wangu hajui. Uso wake ukabadilika. Ni mume wa mtu. Akanirudishia, akasema likunje, likalie, wahi, mechi inaisha.

Nikapanda ngazi mbio. Ubao wa matokeo: Vifaru tuko nyuma kwa pointi moja, sekunde zimebaki za kuhesabu kwa vidole. Filimbi ya refa. Mtu anasogea mstarini, mbele ya goli letu. Mitupo huru miwili! Ngurumo wakifunga yote miwili, tumekwisha. Vifaru wanashuka daraja mbele ya macho yangu!

Sikutazama. Nilikuwa na sababu gani ya kutazama? Goli ni lilelile, kiti ni kilekile. Nikainua shuka.

Na hapo, aibu ya taifa. Ukumbi ukanyamaza. Wote! Wale waliokuwa wakipiga kelele nusu ya kwanza, sasa kimya kama wako kwenye mtihani. Damu ikanichemka. Waoga! Timu inazama, na wao wamebana midomo! Nikapiga kelele peke yangu. Mikono ya mbao! Rudi kwenu! Mama yako anakuona! Nikalitikisa shuka mpaka pua ya Shemeji ikapepea.

Nggg! Nje!

Mama wa filimbi akanivuta suruali. Nilimsikia akisema baba, baba, wee baba. Nikadhani ananipongeza. Nikapanda juu ya kiti. Nikapiga mluzi, nikabweka. Ndiyo, nilibweka.

Nggg! Nje!

Kisha ikatoka sauti ambayo sikuitegemea. Ukumbi mzima uliguna kama mtu mmoja aliyekanyagwa. Nikateremsha shuka taratibu.

Mstarini alikuwa amesimama Mlingoti. Jezi yetu. Mikono kichwani. Alikuwa ananitazama mimi.

Jumapili, 16 Novemba

Sikutoka nje. Mwenye nyumba ya pili alirusha kandambili kwenye paa letu. Moja. Kisha nyingine.

Nilimwuliza mke wangu kwa mbali, kama mtu asiyehusika. Yeye, ambaye hajui Vifaru wana wachezaji wangapi, amesema kila mtu anajua timu hubadilishana magoli baada ya mapumziko. Kila mtu! Mbona redioni hawasemi? Mtangazaji husema "wanashambulia," "wanarudi," "anatupa." Hajawahi kusema wanakwenda upande gani. Miaka yote nimedanganywa na mtu mwenye sauti nzuri. Na huo ukimya? Eti ndiyo heshima ya mashabiki: akitupa mpinzani, kelele, akitupa wa kwenu, kimya, apate utulivu. Nani aliandika sheria hiyo? Wapi ilibandikwa? Ya taulo waliibandika!

Redioni asubuhi walimhoji Mlingoti. Akasema, kwa unyonge uliokaribia kunivunja moyo, kwamba hajawahi kukosa mitupo miwili mfululizo tangu aanze kucheza. Kwamba alijitahidi kulitazama goli. Lakini aliona mtu mkubwa sana anakaribia kumpigia chafya.

Nikazima redio.

Sasa kuhusu kiti. Hapa dhuluma inakuwa nene. Nimebadilisha matokeo! Hakuna binadamu aliyewahi kubadilisha matokeo zaidi yangu! Kwa haki, kiti ni changu. Lakini nikidai kiti, itabidi nikiri. Nikikaa kimya, Shemeji anakichukua. Nimezunguka chumbani na jambo hili mpaka zulia limelalamika. Nimeamua: nitampa kiti, nitanyamaza. Mtaa unahisi tu. Ushahidi nimeukunja chini ya godoro.

Jumatatu, 17 Novemba

Sikujua kwamba mechi ilionyeshwa kwenye televisheni.

Jioni walikuja majirani, wengi, wote wenye nyuso za msibani. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Nikasubiri kejeli. Akainuka. Akakipangusa kile kiti kwa kiganja chake, akanigeukia mbele ya watu wote.

Akasema: "Shemeji, nimekukosea. Mwanamume anakubali akishindwa. Shabiki anabadilisha matokeo. Nimeona kwa macho yangu hapahapa, na wamerudia mara nyingi, tena polepole, mpaka nikakuona ukibweka. Karibu kiti chako."

Nikakaa. Ningefanya nini? Macho ya mtaa mzima yako kwangu, nami nimekaa kwenye kiti cha ushindi kama mshitakiwa. Sijawahi kukaa mahali penye moto namna ile.

Baya zaidi, Shemeji ana furaha. Nchi nzima imemwona. Akipita njiani watu wanampigia chafya na yeye anapunga mkono. Muuza matunda amempa embe bila kumdai. Mimi kinyozi alininyoa upande mmoja wa kichwa, akazima mashine, akasema sasa ni mapumziko, nikatafute wa kumalizia upande wa pili. Mke wangu aliona shuka lake kwenye televisheni. Kuhusu hilo sitaandika.

Jumatano, 19 Novemba

Nimetafakari kwa utulivu. Sina kosa.

Mbinu ilifanya kazi mitupo minne kati ya minne. Nani mwingine katika ukumbi ule alikuwa na rekodi hiyo? Mlingoti hana! Kosa ni la wakuu wa ligi, wanaohamisha magoli ya watu wakati wenye haki wamefungiwa ofisini. Nimewaandikia kurasa nyingi. Hawajajibu. Wamekosa hoja.

Na Vifaru hawatabaki huko daraja la chini, maana nitakuwa nao kila mechi. Nimekwisha kukata tiketi ya mechi ya kwanza ya msimu ujao. Muuza tiketi alinitambua, akataka tena kunieleza jambo. Nikamkatiza. Nimekwisha jifunza: Jumamosi ile, Ngurumo walimalizia kwenye goli la upande wa pili. Basi safari hii nitakaa upande wa pili! Fundi ananichorea pua kubwa zaidi. Wala sitasubiri baada ya mapumziko. Shuka litapanda tangu filimbi ya kwanza, kwa kila mtupo, bila kupoteza muda kuuliza ni wa nani.

Kwa hiyo ninyi mnaokaa nyuma ya goli hilo la upande wa pili, ninyi mnaojiita mashabiki wa Vifaru: sogeeni. Niachieni kiti cha katikati. Na mkiniona nimepanda juu yake, msithubutu kunyamaza kama wale waoga. Pigeni kelele!