Pikipiki Iliyouzwa Mara Tano

Mtelezo alikuwa amefika kwenye tangi, analisugua kwa fulana kuukuu mpaka akaona meno yake mwenyewe, pale mwanamke wa makamo mwenye miwani aliposimama kando ya pikipiki. Hakuharakisha kuinua kichwa. Mteja unamwacha akunuse kwanza, kama paka mgeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inauzwa?"

"Inaniuma kusema ndiyo."

Ilikuwa imeshamuuma mara nne mwaka huo. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: anauza kwa bei ya kutupa, anakabidhi ufunguo mmoja, anaapa kwamba wa pili ulipotea, kisha kesho yake anautoa kwenye soksi na kuifuata mali yake ilikolala. Hakujihesabu mwizi. Alijiona mtu anayekodisha pikipiki, ila wateja wake ndio hawajaambiwa.

"Mimi nataka ya kwenda kazini," mama alisema. "Hii si ya vijana wa kukimbizana?"

"Hapo ndipo watu wanapokosea. Hii ni ya kati, mama. Si kubwa ya kukutisha, si ndogo ya kukuaibisha mlimani. Kwenye foleni inapita kwa adabu kama inakwenda ibadani. Jumapili ukiifungulia kwenye barabara tupu, inasahau dini yote. Mgongo hauumi, na mafuta inaonja tu."

La ajabu, hapo hakudanganya hata neno. Aliipenda kweli. Hakuwa na kazi nyingine, wala kitu kingine chochote cha kukirudia.

"Mama unafanya kazi gani?"

"Nafundisha."

Mtelezo akaona chaki na watoto wanaoimba irabu. Akashusha bei tena, kwa heshima ya elimu, akapokea pesa, akakabidhi ufunguo mmoja na kuapa kwamba wa pili ulipotea, na kwa wema wake akamsindikiza mpaka nyumbani ili ajue inakolala.

Kesho yake mchana lango lilikuwa wazi. Akaingia kwa kunyata, ufunguo mkononi, akaganda kama aliyemwagiwa maji.

Pikipiki ilikuwepo, lakini sakafuni mwa banda, kipande kwa kipande. Nati, plagi, pistoni, mnyororo uliokunjwa vizuri. Kila kimoja kwenye kisahani chake, na kila kisahani na karatasi yenye jina.

"Karibu, mwanangu," Mwalimu alisema, ndani ya ovaroli. "Umepita kunisalimia?"

"Mama, umeifanya nini?"

"Nimeisoma. Siendeshi kitu nisichokijua ndani. Hata wanafunzi wangu wa injini nawakataza."

"Wa injini?"

"Mwaka wa ishirini na sita huu. Ulidhani nafundisha kuimba?"

Mtelezo alitafakari kwa uzito ambao wengine hawautumii hata wakioa. Ili aiibe, ilibidi kwanza aiunde. Akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, akautumbukiza ufunguo kwenye soksi, akakunja mikono ya shati na kushika spana.

"Taratibu," Mwalimu alimwambia. "Unakaza nati, humkabi mtu." Baadaye kidogo akaongeza, "Umeitunza vizuri. Anayeuza kitu anachokipenda hivi kwa bei ile, ama ana shida, ama hajauza."

Mtelezo akapaliwa na mate.

Jua lilipoegemea ukuta, injini ilikuwa nusu. "Inatosha," Mwalimu alisema. "Klachi na gurudumu la mbele ni kesho."

Akisogeza visahani pembeni, Mtelezo aliona kimoja kitupu. Akasoma karatasi yake: Ufunguo wa pili.

Mwalimu alikuwa akijifuta grisi, kidole kimoja kimoja, bila kumtazama. "Hicho kinanisumbua tangu asubuhi. Sipendi kuacha kisahani kitupu."

Mtelezo alilitazama lango, bado wazi. Akaitazama injini, pistoni zake zimelala kwenye visahani kama watoto waliokwisha kuoga. Akapiga goti, akalegeza kamba ya kiatu. Kisahani kikalia, ting.

"Saa mbili kamili," Mwalimu alisema. "Na uje na soksi nyingine. Hiyo imeshatoboka."