Nimeombwa Kuchaji Tu

Jumatatu, 3 Machi

Hatimaye! Bwana Harusi yuko mezani kwangu.

Bwana Harusi ni gari la rimoti la marehemu kaka yangu. Jeupe, paa jeusi, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Halikimbii mbele kama magari yenye adabu. Linakwenda ubavuubavu, mkia nje, matairi yake ya plastiki ngumu yakiteleza sakafuni. Ndio mchezo wetu huo. Mshindi si anayefika kwanza, ni anayeteleza vizuri. Kaka aliteleza vizuri kutushinda wote kwa miaka sita. Alikuwa fundi lifti. Lifti zake zilisimama sawasawa na sakafu, hujikwai hata ukiwa na kandambili. Na gari lake hivyohivyo.

Leo ni wiki ya saba tangu tumzike.

Jumamosi chama chetu kitamfanyia mzunguko mmoja wa kumkumbuka, kwenye maegesho ya chini ya duka la samani. Atakayeendesha ni shemeji, mjane wake. Shemeji! Ambaye hakuwahi kuja kututazama hata siku moja! Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka. Alisema ananiletea nichaji betri tu, ya gari na ya rimoti, kwa sababu chaja yao imekufa. Akarudia: kuchaji tu shemeji, usiguse kingine.

Nikasema naam. Mke wangu alinitazama kama mtu anayehesabu vijiko wageni wakishaondoka.

Sasa, baada ya kumbukumbu kuna mashindano ya kawaida. Na Fundi Saa atakuwepo. Huyu anatengeneza saa kwenye kibanda mkabala na kituo cha posta, na amenishinda mara kumi na moja mfululizo. Kila mara ananipa mkono na kuniambia nimejitahidi. Heri angenitukana. Ndani ya rimoti ya kaka kuna vipimo vyake vyote: usukani ukate kiasi gani, mota ipokee moto wa betri kiasi gani. Siri ya miaka sita, iko hapa karibu na sahani yangu.

Sitagusa. Nitaangalia.

Jumanne, 4 Machi

Nimeangalia. Rimoti ina nafasi kumi za kuhifadhi vipimo. Ya kwanza imeandikwa HARUSI. Ya pili MALKIA. Nyingine zote tupu.

Mpango ukaja wenyewe. Nichukue vipimo vya HARUSI, ninakili kwenye nafasi ya tatu, niunganishe na gari langu. Kunakili si kugusa. Ukinakili barua ya mtu, barua yake haipungui neno.

Nikaingia penye kunakili. Rimoti ikataka namba. Nikaweka tatu. Ikataka namba nyingine. Nikaweka moja. Ikauliza kama nina uhakika. Maishani sijawahi kuwa na uhakika kama ule.

HARUSI ikapotea. Nafasi ya kwanza, tupu!

Nikatulia. Mwanamume hutulia. Nikajiambia MALKIA bila shaka ni akiba, kaka alikuwa mtu wa akiba. Basi niitoe huko niirudishe kwenye nafasi ya kwanza, na mambo yaishe. Nikaweka moja. Nikaweka mbili. Ndiyo, nina uhakika.

Na MALKIA ikapotea.

Hapo ndipo nilipokisoma kitabu cha maelekezo. Namba ya kwanza ni ya kule vipimo vinakotoka. Ya pili ni ya kule vinakokwenda. Mara zote mbili nimechukua utupu nikaumwaga juu ya kazi ya kaka yangu.

Mke wangu aliuliza kutoka jikoni kama betri zimejaa. Nikasema bado kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Sijala asubuhi. Nimekwenda kazini na Bwana Harusi ndani ya mfuko wa nailoni.

Mimi ni karani wa bohari ya vigae. Sakafu tunazo, tena za kila aina. Saa ya chakula nilijifungia kwenye chumba cha maonyesho nikaanza kukisia vipimo. Nilikuwa nikimtazama kaka kila Jumamosi, si ndiyo? Damu moja, si ndiyo? Kisio la kwanza: gari likazunguka pale pale kama kuku aliyekatwa kichwa. La pili: likapita chini ya rafu na kutoka na buibui. La tatu: likavunja sampuli mbili za kigae cha bafuni, cha bluu, ambacho kwa bahati nzuri hakuna anayekinunua.

Nilikaa kati ya maboksi nikalia. Kwa kweli nililia. Kaka angeweka kidole kwenye tairi, angesikiliza, angeniambia mdogo wangu unabadilisha vitu vitano kwa mpigo, sasa utajuaje kipi kimeharibu. Aliniambia hivyo tangu nikiwa na baiskeli.

Jioni nikapita kwa shemeji. Kijanja. Nikasema betri zinaendelea vizuri, na kwa njia, hivi MALKIA ni nini?

Akatabasamu. Mara ya kwanza tangu msiba. Alisema MALKIA ni yeye. Ule mwezi wa mwisho kaka hakulala tena kitandani, alilala sebuleni kwenye kochi, mchana mrefu, hana la kufanya. Akaanza kumfundisha shemeji kuendesha gari kwenye korido. Siku ya kwanza aligonga mguu wa meza, siku ya pili akagonga mguu wa daktari. Basi kaka akakaa na rimoti siku tatu akipunguza, akipunguza, mpaka gari likawa linatembea kama mtu aliyebeba chai ya moto. Shemeji akawa anaweka pakiti ya dawa juu ya paa, anasimama jikoni, analituma. Linapita korido, linakata kona kwa kuteleza kidogo tu, linafika kochini. Pakiti haikuanguka hata mara moja. Kaka anachukua, anapiga saluti.

Shemeji alisema Jumamosi ataendesha hivyo hivyo, na hajali watu wakicheka.

Nikasema betri zitakuwa tayari. Nimetembea hadi nyumbani nikapitiliza mlango wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa Fundi Saa. Kwa siri, kwa ujanja mkubwa. Nikamwambia nina rafiki, humjui, rafiki huyu amefuta vipimo vya rimoti ambayo si yake, je, kuna namna ya kuvirudisha?

Fundi Saa alitoa ile lenzi yake jichoni. Akaniuliza kama rafiki yangu amefuta HARUSI peke yake au na MALKIA.

Kumbe alijua! Alikuwa anakwenda kumtazama kaka kila Alhamisi, akishafunga kibanda. Miezi minne. Mimi nilikwenda mara mbili, na mara ya pili nilikwenda kuazima chaja yao. Ndiyo hiyo iliyokufa. Imefia kwangu.

Niliona wivu. Naandika ukweli, niliona wivu juu ya mgonjwa aliyekwisha kufa.

Akaniambia havirudi, vikifutwa vimefutwa. Akaniambia pia kaka hakuwa na siri yoyote. Alikuwa anabadilisha kitu kimoja, anaendesha wiki nzima, ndipo anabadilisha kingine. Nikamwambia asinifiche. Akasema hanifichi. Kisha akasema niende nikamwambie shemeji leo hii, kabla ya Jumamosi, na akanipa mkono kwa ule upole wake.

Ushauri mzuri. Nitautafakari.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeutafakari. Siendi.

Hoja zangu: shemeji ana huzuni, kwa nini nimwongezee? Halafu yeye si mtaalamu, gari ni gari, ataona tofauti gani? Nimeweka vipimo vya wastani, moto nusu, usukani nusu. Nusu haijamuua mtu. Nikaandika MALKIA kwenye nafasi ya pili, herufi zilezile. Ukiangalia huwezi kujua.

Mke wangu alikuja akasimama nyuma yangu. Akaniambia anamwona marehemu akinitazama. Nikamwambia anazuia mwanga.

Jumamosi, 8 Machi

Tulikuwa watu kumi na tisa. Mstari wa njia umechorwa kwa chaki, chupa za maji zimewekwa kwenye kona. Shemeji amevaa shati la kazi la kaka, lile la kijivu lenye mfuko wa bisibisi. Kajipanga na rimoti yake kifuani kama mtu anayeshika mtoto wa mwenzake.

Akabonyeza.

Nusu ni nyingi. Nusu ni nyingi sana! Bwana Harusi aliruka, akafagia chupa mbili, akazunguka mara tatu na kugonga nguzo ya zege. Paa likapasuka. Mtu mmoja akakohoa.

Nilikuwa wa kwanza kufungua mdomo. Nikasema ni betri. Nikasema betri zikijaa kupita kiasi huwa hivyo. Nikasema hata sakafu ina vumbi. Fundi Saa aliangalia viatu vyake.

Shemeji hakuniangalia hata kidogo. Aliangalia kidole chake. Akasema huyu si yeye. Halafu polepole akaniuliza: shemeji, ulifungua rimoti?

Nikasema ndiyo. Mbele ya watu wote.

Sikutegemea angesema kitu, lakini alisema. Alisema pale koridoni, kila alipobonyeza kwa nguvu, gari lilikataa kukimbia, na aliyekuwa akilizuia ni mumewe. Kila jioni tangu amzike, mpaka betri zilipoisha, alikuwa akibonyeza, na mumewe anamzuia. Kidole cha mumewe alichobaki nacho kilikuwa hicho tu.

Akaokota gari, akaenda nalo. Mashindano hayakufanyika. Natamani kaka angekuwepo anizabe kofi.

Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda bila kuitwa. Nilibisha hodi muda mrefu. Alipofungua macho yalikuwa mekundu, na alinitukana vizuri, tusi la mtu aliyelala nalo. Nililipokea lote. Kisha nikamwomba anipe saa moja na ile pakiti ya dawa.

Pakiti tupu alikuwa ameitunza kwenye droo ya vijiko.

Mimi nilikaa chini koridoni na rimoti. Yeye akasimama jikoni, maana anayejua ni yeye. Nikateremsha kimoja. Nikampa, akabonyeza, akasema bado linakimbia. Nikateremsha tena. Bado. Kitu kimoja tu kila mara! Sijawahi kuwa mvumilivu hivyo, magoti yalikufa ganzi. Moto ukafika thelathini na moja kwa mia. Pakiti ikaanguka kwenye kona. Tukaenda kwenye usukani. Ikaanguka tena. Moto ishirini na nane. Ikaanguka karibu na mlango wa sebule. Mchana ukapita hatujala.

Moto ishirini na sita, usukani arobaini na nne. Bwana Harusi, paa limefungwa kwa gundi ya karatasi, akapita koridoni taratibu, akakata kona, mkia ukatoka kidogo tu. Pakiti imetulia. Akafika kochini akasimama.

Hakuna aliyeichukua.

Tulisubiri pale, mimi na shemeji, kama wajinga. Kisha akaja, akakaa kwenye kochi mahali pa mumewe, akaichukua mwenyewe. Alilia kwa sauti. Na mimi nililia, sikujificha. Baadaye alisema sio yeye kabisa, ila ni mtu anayefanana naye kwa mbali, na hilo atalikubali.

Namba zote nimeziandika kwenye kipande cha boksi la vigae. Nimeapa mbele yake kwamba sitagusa tena.

Jumanne, 11 Machi

Shemeji ameniamini tena! Kaniletea betri na rimoti kabla ya kwenda kazini kwake, maana jana ameendesha jioni nzima. Alisema atapitia saa kumi na mbili. Alisema kuchaji tu, zote mbili, na safari hii alinishika mkono aliposema.

Betri ya gari niliiweka kwenye chaja mara moja. Sasa, jambo moja. Kile kipande cha boksi nilikiacha juu ya meza, na mke wangu amewashia jiko. Hapo mtu yeyote mwenye akili anaona hatari iliyopo. Vipimo viko mahali pamoja tu duniani, nafasi ya pili. Kikitokea chochote, je? Kaka alikuwa mtu wa akiba.

Ningeweza kusoma namba kwenye kioo nikaziandika upya kwa kalamu. Lakini kalamu ni ya watu wasiojua mashine.

Mke wangu ameuliza kutoka jikoni ninafanya nini. Nimemwambia nachaji tu.

Nimekwenda penye kunakili. Kwanza vinakotoka, kisha vinakokwenda. Nimekariri tangu Jumanne iliyopita, hata usingizini ninasema hivyo. Mbili. Kisha tatu. Rimoti ikauliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo, kwa utulivu, kama fundi.

Ikaandika: inanakili, usizime.

Kisha kioo kikawa cheusi. Nimebonyeza kila kitufe, hakiwaki.

Betri ya rimoti imekwisha. Hiyo nilikuwa bado sijaichaji.