Malalamiko Dhidi ya Winfrida, Aliyewafukuza Wageni wa Kompyuta

Katonga, Kigoma
Jumatano

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Wakaushaji Dagaa cha Chanja Imara.

Ndugu Mwenyekiti, mama Domitila,

YAH: KUFUKUZIWA WAGENI, NA UFUNGUO WANGU

Mimi ninayekuandikia nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili, nimeozesha mitumbwi minne, nimeaga wenyeviti sita wa kikundi hiki (wewe ni wa saba, nakuombea), na daktari aliyesema nimebakiza miezi mitatu tulimzika mwaka juzi, jembe nilishika mimi. Naeleza haya ujue kwamba sitishwi na karani.

Nasikia Jumamosi kikao kitapiga kura ninyang'anywe ufunguo wa ofisi. Ufunguo huo nimeuvaa shingoni miaka kumi na moja, hata kuoga naoga nao. Kabla hamjanyoosha mikono, sikilizeni malalamiko yangu.

La kwanza. Winfrida, karani mliyemleta kutoka mkoa mwingine, hajui kupokea wageni. Ukifungua intaneti kwenye laptopu ya kikundi, pembeni juu hutokea kidirisha kinapiga hodi, kwamba ukurasa fulani unaomba kukuletea taarifa. Chini yake pana maneno mawili: Ruhusu na Zuia. Sasa mama, mimi nimezaliwa Ujiji. Kwetu akipiga hodi mtu hata humjui, unamkaribisha, maswali baadaye. Nikabonyeza Ruhusu. Akaja wa pili, Ruhusu. Wakafika arobaini na mmoja, wengine wauza dawa za mgongo, wengine wananipongeza kwamba nimeshinda gari. Winfrida akaingia kwenye mipangilio akawafuta wote, bila kuwauliza wametoka wapi wala kama wamekula. Nasikia kwao mlangoni huandikwa Mbwa Mkali.

La pili. Anasema brauza imetekwa. Ushahidi wake ni kwamba aliandika anatafuta bei ya samaki, migebuka, akapelekwa kwenye ukurasa mwingine asioujua, wenye viatu vya kike. Nikamweleza kwa upole kwamba hata sokoni Mwanga ukimuuliza mtu njia, atakupitisha kwanza dukani kwa shemeji yake. Huko si kutekwa, ni biashara. Hakunielewa. Akarudisha ukurasa wa mwanzo wa zamani, ule mweupe, mkavu, hauna hata salamu ya mwakeye. Ule wa wageni wangu kila asubuhi ulikuwa unanipongeza. Wewe mama, lini kikundi kilinipongeza?

La tatu nimelisahau. Likirudi nitaliandika.

La nne. Alipanga programu zote kwa tarehe zilipoingia, akaniita, akanionyesha kwa kidole kwamba tano ziliingia siku moja, dakika moja, pamoja na lile bao la bure, mchezo niliouweka mwenyewe. Eti mtu akiweka kitu cha bure asisome, akawa anabonyeza Endelea, Endelea, na hivyo vingine vinapita. Nikamwuliza amewahi kuona wapi bibi arusi anakuja peke yake bila wapambe. Akaondoa bibi arusi na wapambe, na vile vidude vilivyobandikwa kwenye brauza, kisha akaendesha programu ya kufagia mabaki. Siku hiyo hiyo ananiamkia shikamoo babu, halafu ananiomba babu usiguse kitu. Hiyo ni shikamoo gani?

La tano. Kabla hajaondoa, mashine yenyewe ilikuwa imepiga kelele, maandishi mekundu, kwamba ina virusi thelathini na saba. Winfrida anasema ule ni uongo wa kumtia mtu hofu ili apige simu kwa matapeli, na hakuna tangazo linaloweza kumpima mgonjwa kutoka barabarani. Sawa. Lakini nani alichukua hatua? Mimi. Niliibeba nikaianika kwenye chanja kati ya dagaa, jua la saa sita, nikaigeuza mara mbili ikauke pande zote. Miaka hamsini sijaona mdudu anayestahimili jua la Katonga. Vitufe viwili vilibanduka, navyo nimevihifadhi kwenye kopo. Badala ya shukrani, nikaambiwa inanuka.

La sita, na hili ndilo zito. Anasafisha Jumatatu, Jumanne wageni wamerudi. Amesafisha mara nne, wamerudi mara nne. Mnunuzi wa Ilagala alituma oda kwa barua pepe, Winfrida hakuiwahi kwa sababu matangazo yalikuwa yamefunika kioo, na mzigo akapewa mwingine. Sasa anatangaza mbele ya watu kwamba kuna mtu anayerudisha ule uchafu kwa mkono wake. Mama, hiyo ni kunituhumu uchawi! Mgeni anayefukuzwa mara nne akarudi mara nne, huyo si mgeni tena, ni mwenyeji.

Kwa hiyo naomba kikao kiamue yafuatayo. Winfrida aonywe kwa maandishi. Ufunguo ubaki shingoni mwangu. Na hayo matangazo yaandikwe uanachama, maana wanachama wetu kwenye kikao huja saba, tena baada ya kuambiwa kuna chai, lakini hao huja arobaini na mmoja bila kuitwa, na hakuna anayesinzia.

Nisalimie mzee wa nyumbani kwako, watoto, mama Rozalia na goti lake, na wote waliopanga kuninyooshea mkono Jumamosi. Nao nawasalimu, majina yao ninayo.

Atakayesema nimeongopa amuulize Eufrasia muuza mawese, aliyeniona naigeuza laptopu kwenye chanja, na Selestini mlinzi wa ghala, ambaye siku zote yuko upande wangu.

Ni mimi mkongwe wenu, mwenye ufunguo,
Castory Ntabaye

Tena: La tatu nimelikumbuka. Winfrida alipotaka kila mtu aweke flashi zake mezani azikague, nilidhalilishwa sana. Niliweka mbili. Ile yenye bao ilikuwa ndani ya kofia yangu, na huwa nalirudisha bao kwenye mashine Winfrida akienda kunywa chai. Nifanyeje? Tangu Feliksi, mwenzangu wa bao, afariki hakuna anayekaa kucheza na mimi, mnasema naiba kete. Mashine hainisemi, tena inakubali kushindwa. Hili asiambiwe Winfrida. Kama huamini, muulize Selestini, ndiye aliyenishikia kofia.